Macho makavu na kuwasha kwa sababu ya vumbi la mbao: maswali ambayo mafundi hawaachi kuuliza

Mi ni seremala, karakana yetu iko Keko, Dar. Kuna kipindi nilikuwa narudi nyumbani macho mekundu kama mtu aliyekesha msibani, mpaka mama mwenye nyumba akaanza kunishuku navuta vitu. Maswali haya ndo yale yale yanayorudi kila wiki kutoka kwa madogo wanaojifunza kazi, kwa wateja, hata kwa wazee waliofanya kazi miaka thelathini. Mengine nilimuuliza daktari wa macho mwenyewe siku zamu yangu ilipofika. Nasema mapema kabisa: macho mengi niliyoyaona yanaharibika karakana hayakuharibiwa na vumbi, yaliharibiwa na kile mtu alichotia baada ya vumbi.

## Mwanzo kabisa

1. Kwa nini macho yanakauka nikifanya kazi kwenye vumbi la mbao?

Jicho limefunikwa na utando mwembamba wa machozi, na utando huo si maji matupu. Chini kuna ute unaoshikilia, katikati maji, na juu kabisa mafuta kidogo yanayotoka kwenye vitundu vilivyojipanga ukingoni mwa kope. Hayo mafuta ndo yanazuia maji yasikauke. Sasa kumbuka tunachofanya oili ikimwagika sakafuni: tunamwaga unga wa mbao juu yake, dakika mbili imenyonywa. Vumbi likitua kwenye jicho linafanya kazi ile ile kwa mafuta na maji ya pale.

Hilo moja. La pili ni kupepesa. Mtu akikaa tu anapiga stori anapepesa kama mara 15 kwa dakika, lakini ukiwa umekodolea mstari wa penseli huku msumeno unakwenda unapepesa mara chache sana, unaweza kushuka hata chini ya nusu bila kujua, manake akili yote iko kwenye vidole visikatike. Jicho linakaa wazi, upepo wa mashine unapita, utando unakatikakatika. Ndo ile hali ya kuhisi mchanga ndani ya jicho wakati ukijiangalia kwenye kioo huoni kitu.

La tatu ni feni, hilo lina swali lake (la 14).

2. Mbona macho yangu yanatoa machozi mengi halafu mnaniambia ni makavu?

Hili linachanganya kila mtu. Jicho likikauka linaungua, likiungua linapiga kengele, na tezi ya machozi inamwaga maji mengi kwa mara moja. Ila hayo ni maji ya dharura, hayana mafuta ya kutosha, yanatiririka mashavuni halafu jicho linabaki kavu vile vile. Sawa na mvua kubwa ya dakika tano kwenye udongo uliopasuka, inapita juu tu.

Kwa hiyo machozi mengi ukiwa kwenye mashine hayamaanishi jicho lina maji ya kutosha.

3. Nitajuaje kama ni ukavu tu au nina aleji ya mbao?

Angalia hisia kuu ni ipi. Ukavu unachoma, unakwaruza, unazidi jioni, na kuona kunakuwa na ukungu ambao ukipepesa unaondoka. Aleji inawasha, yaani inawasha kweli mpaka unataka kulitoa jicho ulikune, kope zinavimba, na mara nyingi inakuja na chafya na mafua ya maji. Aleji pia ina tabia ya kuchagua: leo umeranda paini uko salama, kesho mninga, dakika kumi hujiwezi.

Unaweza kuwa na vyote viwili, wengi wako hivyo. Na ukiona na kifua kinabana, unapumua kwa filimbi usiku baada ya siku ya kazi, hapo si habari ya macho tena, nenda kapimwe kifua maana pumu ya mbao ipo na inazidi kadri unavyoendelea kujianika.

4. Mbao gani zinasumbua macho zaidi?

Kwa uzoefu wa karakana na kwa wanaozisoma mbao, zinazolalamikiwa sana ni mninga, mkongo, mvule, mtiki na mpingo. Hizi mbao ngumu zina kemikali zake za asili zinazozifanya zisiliwe na wadudu, na kemikali hizo hizo ndo zinakuchoma wewe. Wachongaji wa mpingo wanalijua hili, vumbi lake jeusi likikaa shingoni kwenye jasho ngozi inatoka vipele, sasa fikiria machoni.

Ila kwa macho mi naogopa zaidi MDF, zile mbao za kiwandani za unga wa mbao ulioshindiliwa na gundi, kuliko mbao yoyote ya msituni. Vumbi lake ni laini kama unga wa sembe, linaelea hewani mda mrefu, na ndani kuna gundi yenye fomaldehaidi ambayo ni gesi inayochoma macho na pua yenyewe kama yenyewe. Ukipitisha rauta, ile mashine ya kuchonga kingo, kwenye MDF chumba kimefungwa, hata miwani ya kawaida haikusaidii kitu.

Halafu kuna mbao za dawa, zile za kijani kijani za kupaulia. Dawa inayotumika sana ina kopa, kromiamu na aseniki. Vumbi lake si la kuchezea, kata nje, na mabaki yake usipeleke jikoni kuwa kuni, tafadhali sana.

Kitu kingine ni aina ya kazi. Kupasua kwa msumeno kunatoa punje kubwa, zinaumiza zikiingia lakini zinaanguka chini haraka. Kuranda kunatoa maranda, hayo hayana shida sana. Msasa wa mashine ndo mchawi, kadri msasa unavyokuwa laini ndo vumbi linavyokuwa laini, na lile usiloliona ndo linalokaa hewani hadi wakati wa kula.

Na kwa kuwa tumefika hapa: taasisi ya utafiti wa saratani ya WHO iliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa uhakika mwaka 1995, hasa saratani ya pua. Kwa hiyo ukikinga macho usisahau pua.

## Limeingia sasa hivi

5. Vumbi limeingia jichoni, nifanye nini hapo hapo?

Zima mashine kwanza. Narudia, zima mashine, watu wamekatika vidole kwa sababu ya punje ya vumbi. Nawa mikono kwa sabuni. Pepesa pepesa mara nyingi, mara nyingine machozi yanaitoa yenyewe. Ikigoma, inamisha kichwa upande wa jicho lenye vumbi na umimine maji safi taratibu kutoka kona ya pua kwenda nje, dakika kadhaa, huku unafungua na kufunga jicho. Maji ya kunywa ya chupa yanafaa. Maji ya dramu lililokaa karakana wiki nzima na viluwiluwi ndani hayafai, hata kama ndo yako karibu.

Kama punje imekwama chini ya kope ya juu, vuta kope ya juu ifunike ya chini halafu uiachie, kope za chini zinaifagia. Punje ikiwa imeganda kwenye kioo cha jicho, kile kinachofunika duara lenye rangi, usiiguse na usimwambie mwenzako aichomoe na ncha ya kitambaa au njiti ya kiberiti. Hiyo ni kazi ya hospitali.

Vumbi likishatoka, hisia ya mkwaruzo inaweza kubaki masaa kadhaa. Ikivuka siku nzima soma swali la 8.

6. Kwa nini kila mtu anasema nisisugue?

Kwa sababu punje ya mbao chini ya kope ni msasa. Ukisugua unapiga msasa jicho lako, na mkono wenyewe una vumbi, una vanishi, una gundi. Mchubuko mdogo kwenye kioo cha jicho wenyewe unapona ndani ya siku moja mbili, lakini ukiwa wazi ndo mlango wa vijidudu. Ukihisi unashindwa kabisa, funga macho na ubonyeze mfupa wa juu ya pua, angalau mkono haugusi jicho.

7. Mate, maziwa ya mama anayenyonyesha, asali, maji ya chumvi, sukari, je vinasaidia?

Hapana. Najua bibi yako alitumia na akaona mpaka uzeeni. Mate yana bakteria wa mdomoni, asali ya dukani haijasafishwa kwa ajili ya macho, maji ya chumvi ya kukadiria kwa kijiko yanaweza kuwa makali kuliko machozi na yakazidi kuunguza, na sukari sijui hata ilitoka wapi. Majani ya kusaga ndo mabaya zaidi, madaktari wa macho huku kwetu wanapokea kila mara vidonda vya jicho vilivyoanza na dawa za majani.

Maziwa ya mama yana sifa nyingi kwa mtoto. We si mtoto, na kikombe ulicholetewa hakikuchemshwa.

Wanja nao kuna wanaoamini unavuta vumbi nje. Wanja mwingi wa sokoni umekutwa na risasi, ile metali. Acha.

8. Ni wakati gani nisiendelee kujitibu, niende hospitali?

Nenda siku hiyo hiyo kama:

- kipande kilirushwa na mashine kikakupiga jichoni, hata kama huoni kidonda
- unaona ukungu usioondoka ukipepesa, au umepoteza sehemu ya kuona
- mwanga unakuumiza mpaka unataka giza
- maumivu makali, au mkwaruzo umevuka masaa 24
- kuna doa jeupe kwenye kioo cha jicho
- usaha, au tongotongo zinazogandisha kope
- mboni moja imebadilika umbo

Kama kitu kimechoma na kinaonekana kimesimama jichoni, usikitoe, usioshe, usibonyeze. Funika kwa kikombe cha karatasi kilichokatwa kiegemee mifupa ya kuzunguka jicho, kisiguse jicho lenyewe, na uondoke.

Sasa hiki kipengele cha doa jeupe nataka nikikalie kidogo. Jicho lililochubuliwa na mbao au jani linaweza kuota fangasi. Fangasi hana haraka, anaanza siku kadhaa baadaye, saa nyingine zaidi ya wiki, wakati ulishasahau kabisa ile punje ya Jumanne. Jicho linakuwa jekundu, linauma kidogo, unatia dawa ya bakteria haifanyi kitu, unatia nyingine, doa linakua. Dawa yake ni ya fangasi na anatakiwa mtu akague jicho kwa mashine, kwa hiyo ukifika sema wazi: nafanya kazi ya mbao, niliingiwa na vumbi siku fulani. Hiyo sentensi moja inaweza kuokoa jicho. Kwa Tanzania idara za macho za Muhimbili na KCMC Moshi na hospitali ya CCBRT Dar wanazifahamu sana kesi hizi, Kenya wengi wanakimbilia hospitali ya Kikuyu.

9. Je kama si vumbi, ni thina, hadina, gundi au dawa ya mbao?

Maji, sasa hivi, mengi, dakika 15 zisipungue, ikibidi nusu saa, jicho likiwa limefunguliwa kwa nguvu na mtu mwingine. Hapa hata kanuni ya maji safi ya chupa inalegea, tumia bomba lolote lililo karibu, usianze kutafuta. Ukimaliza ndo uende hospitali na kopo la ile kemikali mkononi.

Supaglu ikigandisha kope usivute. Iloweshe kwa maji ya uvuguvugu na nenda hospitali, kope zenyewe zinaachia baada ya mda. Na wale wanaoziba nyufa kwa kumwagia supaglu juu ya unga wa mbao, ule moshi unaopanda pale unachoma macho sana, geuza uso unapomimina.

## Matone na dawa za dukani

10. Ninunue dawa gani kwa ukavu wa kila siku?

Ulizia machozi ya bandia. Hayo ni vilainishi tu, hayatibu ugonjwa na hayana ukali, mengi yana haipromelozi au kaboksimethiliselulozi, muuzaji anayajua. Tia tone moja kabla ya kuanza kazi, moja mchana, moja jioni. Kabla ya kazi ndo watu wanasahau, wanasubiri paungue kwanza.

Kama unajikuta unatia zaidi ya mara nne kwa siku, tafuta yale yasiyo na kihifadhi, yanakuja kwenye vichupa vidogo vya kutumia mara moja. Kihifadhi kikirudiwa rudiwa chenyewe kinaanza kuwasha jicho. Bei iko juu, sikatai. Lakini mtu anayefika huko mi namwambia arudi kwanza swali la 13 na 14, huenda tatizo ni feni ya elfu arobaini.

Kwa aleji ya kuwasha (swali la 3) vilainishi havitoshi, kuna matone ya aleji kama kromoglaketi au olopatadini, muulize mfamasia. Kromoglaketi haifanyi kazi papo hapo, inataka siku kadhaa za kutia mfululizo, usiitupe siku ya pili.

11. Vipi yale matone ya kung'arisha macho mekundu?

Yanabana mishipa ya damu, jicho linakuwa jeupe kwa masaa machache halafu dawa ikiisha nguvu wekundu unarudi na zaidi, unatia tena, inakuwa mkopo usioisha. Kwa harusi sawa. Kwa kazi ya kila siku hapana.

12. Kuna kichupa rafiki alinipa, siku moja tu jicho likapoa kabisa, kwa nini nisiendelee nacho?

Soma kichupa. Kama kuna deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, au kwenye boksi wamefupisha "Dexa" na kitu kingine mbele au nyuma, hiyo ni steroidi. Steroidi inapoza uvimbe haraka kuliko kitu chochote ndo maana inapendwa, na ndo maana inauzwa kiholela. Shida zake ni mbili. Ukitumia mda mrefu inapandisha presha ya macho na inaleta mtoto wa jicho, na presha ya macho haiumi, unagundua ukiwa umeshapoteza. Ya pili, kama jicho lina fangasi (swali la 8) steroidi ni mbolea. Maumivu yanapungua huku kidonda kinachimba.

Steroidi ina kazi yake, ila daktari aliyelitazama jicho ndo aiandike, na aseme siku ngapi.

Za bakteria kama kloramfeniko na jentamaisini zenyewe hazina kosa hilo, ila ukavu si bakteria. Unatibu njaa kwa panadoli. Na kichupa chochote (ukiacha vile vya kutumia mara moja) kikishafunguliwa kawaida yake ni wiki nne, baada ya hapo kitupe hata kama kimebaki nusu, andika tarehe juu yake kwa ile penseli ya sikioni. Msishee.

## Kuzuia

13. Miwani gani inafaa, hii ya kioo cheupe ya kawaida si inatosha?

Ile ya wazi pembeni inazuia vipande vinavyoruka, na kwa hilo ivae. Vumbi laini inaliacha lipite juu, chini, pembeni kama mlango usio na fremu. Unayotaka kwa msasa na MDF ni ile inayoshika uso mzima wa macho, yenye mpira wa kuzunguka na mkanda nyuma, na matundu ya hewa yaliyofunikwa, si yale matundu ya wazi wazi kama chujio.

Sasa siri ya kununua ambayo wauzaji wengi hawaijui. Angalia maandishi kwenye fremu. Ikiwa na EN 166 ya Ulaya, tafuta namba ya matumizi: 3 ni matone ya maji maji, 4 ni vumbi kubwa, 5 ni gesi na vumbi laini. Ikiwa na Z87 ya Kimarekani, tafuta D3, D4 au D5, D4 ni vumbi na D5 ni vumbi laini. Kwa seremala 4 ndo chini kabisa, 5 kwa MDF. Kama haina maandishi yoyote, umenunua pambo.

14. Feni inanisaidia joto, je ina madhara?

Feni ikipuliza uso wako inakausha macho hata kama hakuna vumbi hata chembe, na ikipuliza meza ya kazi inalisambaza vumbi karakana nzima. Joto la Dar nalijua, sisemi uitoe. Iweke ipulize kutoka ubavuni kwako kuelekea mlangoni, ichukue vumbi na kutoka nalo. Usiiweke nyuma ya mgongo moja kwa moja, watu wanadhani ndo vizuri, kumbe mwili wako unakinga upepo na mbele yako panabaki mzunguko unaovuta vumbi juu hadi usoni. Hata ukifanya kazi nje ni hivyo hivyo, upepo ukupitie ubavuni.

15. Miwani inapata ukungu, naivua baada ya dakika tano. Nifanyeje?

Tone la sabuni ya maji ya vyombo, paka kioo kwa ndani, ifute kwa kitambaa laini bila kusuuza mpaka kioo kiwe safi. Inashika nusu siku. Sababu nyingine kubwa ni barakoa: isipobana juu ya pua, pumzi yote inapanda, inatia ukungu kwenye miwani na kama hujavaa miwani inapuliza macho na kuyakausha. Bana ule waya wa puani vizuri, na mkanda wa barakoa upite chini ya mkanda wa miwani. Halafu vua kila nusu saa ukiwa mbali na mashine, jifute jasho, vaa. Kuvua pembeni ya msasa unaozunguka ni kazi bure.

16. Jioni tunapuliza nguo na meza kwa kompresa, kuna ubaya?

Upo tena mkubwa. Vumbi lililokuwa limeshalala chini unalirudisha hewani, lile laini kabisa, saa ambayo wote mmeshavua miwani. Upepo wa kompresa unaweza kurusha punje hadi ndani ya jicho kwa nguvu. Nyunyizia sakafu maji kidogo au mwaga maranda yenye unyevu halafu fagia, nguo zikung'utiwe nje, upepo wa ubavuni. Mwenye uwezo anunue mashine ya kunyonya vumbi, aunganishe na msasa moja kwa moja, hiyo inashinda miwani zote kwa sababu inalikamata kabla halijaruka.

## Maswali ya pembeni lakini yanaulizwa

17. Nakinga vizuri, lakini asubuhi nikiamka bado macho yanakwaruza.

Huenda vitundu vya mafuta kwenye kope vimeziba (swali la 1). Chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto ya kuvumilika, weka juu ya macho yaliyofungwa dakika tano hadi kumi, ukirudishia moto kikipoa, halafu pitisha kidole kisafi taratibu ukingoni mwa kope. Kila jioni, wiki mbili tatu. Anayetoka chokea kila mwezi afanye hivyo hivyo. Pia oga kabla ya kulala na uoshe kope na nywele, vinginevyo vumbi unalala nalo kwenye mto. Na simu gizani baada ya siku ya vumbi, jicho halipepesi tena, we unamlaumu mninga.

18. Nanywa piritoni kwa sababu ya mafua ya vumbi, ina uhusiano na macho?

Unao. Piritoni inakausha pua, na macho nayo inayakausha, mdomo pia. Zaidi ya hapo inaleta usingizi, na mtu mwenye usingizi mbele ya mashine ya kupasulia sitaki hata kumwangalia. Kuna dawa za aleji za kizazi kipya zisizolaza sana, ulizia. Baadhi ya dawa za presha na za msongo wa mawazo nazo zinakausha macho, usiziache ila mwambie daktari wako. Ukiwa na sukari, au mama aliyekoma hedhi, ukavu unakuja wenyewe hata bila mbao.

19. Navaa lenzi za machoni.

Karakana zivue, vaa miwani ya kuona na juu yake ile kubwa ya kazi, zipo zinazopita juu. Vumbi likiingia chini ya lenzi limefungiwa ndani.

20. Nimefunga Ramadhani, nikitia matone swaumu inabatilika?

Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndo ya wengi Pwani na Zanzibar, jicho halihesabiwi kuwa njia ya wazi ya kwenda tumboni kwa hiyo matone hayafunguzi hata ukihisi ladha kooni. Wamaliki wana maneno yao kuhusu ile ladha, kwa hiyo muulize sheikh wako. Kitu cha kitaalamu kinachosaidia kila mtu: ukishatia tone funga jicho na ubonyeze kona ya ndani karibu na pua kwa dakika moja, pale ndo mfereji wa kwenda puani ulipo, dawa haishuki kooni na inabaki jichoni inakotakiwa.

21. Nimeota kinyama kutoka kona ya pua kuelekea kwenye mboni, ni vumbi?

Jua ndo mtuhumiwa mkuu, vumbi na upepo ni wasaidizi. Kinaota taratibu, miaka. Kikiwa kidogo kinaangaliwa tu na macho yanalainishwa, kikianza kufunika njia ya kuona kinaondolewa kwa upasuaji. Hakitoki kwa matone yoyote ya dukani, usiwape hela yako.

22. Si fundi, nafuga kuku na natandika maranda, mbona macho yananichoma vile vile?

Kwako ni vitu viwili. Vumbi la maranda makavu ukiwa unamwaga, na amonia ya mkojo na kinyesi inayojikusanya maranda yakilowa. Kama ukiingia bandani asubuhi macho yanachoma kabla hujagusa kitu, hiyo ni amonia, fungua mapazia ya banda na ubadilishe maranda yaliyolowa, hasa karibu na vinywesheo. Kuku nao macho yanawauma, ukiwaona wamefumba fumba ujue. Chagua maranda ya randa, si unga wa msumeno, na uliza yasiwe ya mbao za dawa (swali la 4).

23. Jicho likiumia kazini, bosi anahusika?

Anahusika. Tanzania sheria ya usalama na afya kazini ya 2003 na Kenya ya 2007 zote zinamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na si kwa kukukata mshahara. Fidia ya kuumia Tanzania inapitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, Kenya kuna sheria ya WIBA ya 2007. Shida ni vibarua wa kulipwa jioni bila karatasi yoyote, na karakana nyingi ndo zilivyo. Siku ukiumia, hakikisha hospitali wanaandika kwenye faili kwamba ni jeraha la kazini, tarehe na mahali, na piga picha ya faili hilo na ya mashine, kabla mambo hayajapoa na kabla bosi hajaanza kusema hakujui.